Joho la Chekechea

Mwalimu wa darasa la awali alinisimamisha getini Ijumaa moja mchana, saa ya kuchukua watoto, akasema, "Mzazi, naomba tuongee kidogo." Mwenye mtoto katika shule ya kulipia anaijua sentensi hiyo. Kwanza unamkagua mtoto kama kapigana. Ukiona hana hata mkwaruzo, ndipo unaanza kuhesabu kama unadaiwa ada.

Mimi ni mtu nisiyejua kutulia. Mama yangu kule Machame anasema nilizaliwa nikiwa nimesimama. Nina fremu, chumba cha duka cha kushonea mapazia, pale Elerai, na hata kwenye cherehani mafundi wenzangu hunicheka kwamba nashona kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Kwa hiyo mwalimu alipoanza kuongea polepole, akichagua maneno, nilitamani kumwambia ateme yote kwa mkupuo nijue moja.

Akasema mwanangu ana akili. Akisimuliwa hadithi leo, kesho anaisimulia yote, pamoja na sauti ya fisi. Akiulizwa kwa mdomo anajibu kabla ya wenzake. Lakini herufi hazikai. Leo anaijua, kesho anaitazama kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Akipewa kitabu anaomba kwenda chooni. Mwenyewe si daktari, akasema, ila huenda mtoto ana changamoto ya kujifunza, na ingefaa aangaliwe na wanaojua. Akamalizia kwa kusema mwalimu mkuu anaona abaki darasa la awali mwaka mwingine.

Changamoto. Siku hizi neno hilo linabeba kila kitu: barabara ya mashimo, umeme kukatika, ndoa kuvunjika. Sasa limemfikia na mwanangu wa miaka sita. Nilimjibu mwalimu yule kwa ukali ambao hakustahili. Nilimwambia mtoto wangu anatambua kila aina ya gari kutoka Elerai hadi Kisongo kwa mlio tu, na kwamba kama herufi hazikai, basi zimewekwa vibaya. Akaitikia, "Sawa, mzazi," akarudi kwa watoto waliobaki. Nikamvuta mwanangu mkono kuelekea garini. Alikuwa ananieleza kwamba leo wamekula wali maharage, nami nilikuwa sisikii.

Jioni ile ile nilianza kazi. Nilichukua vipande vilivyobaki vya mapazia ya wateja nikakata herufi kubwa kubwa, nikazitandaza kwenye zulia la sebuleni. Alifurahi. Ndani ya siku chache alikuwa anazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, nami nikaanza kuandaa kichwani hotuba nitakayompa mwalimu. Kisha siku moja kipande cha M kikapotea chini ya kochi, nikakata kingine kwa kitambaa cha bluu. Akakitazama, akanitazama, akasema haijui hiyo. Nikamwambia ni M. Akasema M ina maua ya dhahabu.

Nikakusanya vitambaa vyote. Nikakata upya herufi zote kwa kitambaa kimoja cheupe cha bitana, nikazitandaza tena. Hakujua hata moja. Alikuwa amejifunza mapazia ya watu. Nilisimama katikati ya sebule na mkasi mkononi, nikatoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mtoto huyu, na aliwahi kulazwa na homa kali.

Mume wangu huendesha watalii, na msimu ukichanganya anaonekana nyumbani kwa nadra. Nilimpata kwenye simu akiwa mbugani, mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kilima kimoja tu, wageni wakimsubiri. Nikamweleza yote kwa mkupuo, isipokuwa la kubaki darasa. Lile lilinigoma mdomoni. Akacheka. Akasema yeye alikuwa wa mwisho kujua kusoma darasani kwao na leo anaongea Kifaransa na Wafaransa. Mama mkwe, anayekaa Nkoaranga, naye akasema watoto wa kiume wa ukoo wao huchelewa, ila wakishika wameshika. Akawataja mmoja mmoja, baba wakubwa na baba wadogo, wote waliochelewa. Kisha akaongeza kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba katuni zimezidi nyumbani kwangu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," maana mkwe hajibiwi.

Katikati ya hayo yakaja mahafali.

Shule zetu za kulipia haziwezi kumtoa mtoto chekechea hivi hivi. Lazima avae joho na kofia bapa yenye kishungi, lazima pawe na turubai, keki, mshereheshaji na mgeni rasmi, na bibi atoke shambani kuja kupiga vigelegele. Mtoto wa miaka sita anaagwa kama anayetoka chuo kikuu. Kamati ya wazazi ilipokaa, macho yote yakanigeukia mimi mwenye vyerehani. Nishone majoho ya darasa zima.

Nilikwenda shuleni kupima watoto, futikamba shingoni. Mwalimu akanipa kona nyuma ya darasa, akaendelea kufundisha, akiniletea mtoto mmoja mmoja. Darasa lilikuwa likisoma kwa pamoja kutoka ubaoni, mwalimu akionyesha kwa fimbo. Ndipo nikamwona mwanangu akifanya kazi yake. Hakutazama ubao hata kidogo. Alikuwa anatazama mdomo wa msichana aliyekaa naye, na sauti yake ilitoka nyuma ya ile ya msichana kwa kitambo kidogo mno ambacho asiyemzaa asingekigundua. Shingo ilimkaza na jasho lilimtoka kwa bidii. Wenzake walikuwa wanasoma na kupiga miayo, yeye alikuwa anabeba mzigo. Nilimpima kifua mtoto wa watu mara mbili kwa sababu vipimo vilikataa kuingia kichwani.

Nilipomaliza, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mama mkubwa, Mkatoliki wa Kibosho, ana namna ya kukukaribisha chai kabla ya kukunyoa.

"Mzazi, usiwe na wasiwasi na mahafali," akasema. "Atavaa joho kama wenzake. Hatutaki kumvunja moyo mtoto, wala kuwaaibisha ninyi."

"Na Januari?"

"Januari atabaki na mwalimu wake wa sasa. Mambo ya Januari ni ya Januari."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema mtoto haagwi mahali asipoondoka. Lakini kundi la ukoo kwenye simu lilikuwa limeshajaa pongezi, mama mkwe alikuwa ameshashonesha kitenge, na mwanangu kila asubuhi alikuwa akiniuliza joho lake limefika wapi. Nikasema asante. Nilishona satini nyeusi wiki nzima, nikawa naliahirisha joho lake hadi mengine yote yaishe. Nililikata la mwisho, nikalishona kwa uangalifu kuliko yote, kwa hasira.

Siku ya mahafali Mlima Meru ulijitokeza wote, bila wingu. Mume wangu alikuwa amewapeleka wageni uwanja wa ndege alfajiri na wengine wangefika kesho yake, kwa hiyo alikuwepo, kamera ya kazini shingoni. Mama mkwe alishuka na mkungu wa ndizi kwa ajili ya walimu. Watoto waliingia kwa muziki, mwendo wa hatua moja na kusimama, kofia zikiwaangukia machoni.

Kila mtoto alipewa kadi yenye sentensi moja ya Kiingereza, asogee kwenye kipaza sauti aisome. Ya mwanangu ilisema atakuwa rubani. Aliisikia kwa mwalimu wake mara nyingi, akaja nayo nyumbani, akairudia bafuni, mezani na kitandani hadi nami nikaiota. Ya msichana yule anayekaa naye darasani ilisema anaipenda shule yake.

Kilichotokea ni kitu kidogo sana. Mtoto mmoja mbele ya foleni alizidisha soda, akatapika. Mwalimu akakimbilia kumsafisha, kadi akamwachia mshereheshaji, naye akazigawa kama karata. Zamu ya mwanangu ilipofika, alishika kadi kwa mikono miwili, akaiinua mbele ya uso, akapeleka kichwa kutoka kushoto kwenda kulia kama anayesoma, akatangaza kwa sauti nzuri kwamba atakuwa rubani. Vigelegele. Mama mkwe alisimama. Mume wangu alipiga picha mfululizo.

Kisha akaja yule msichana, naye ni msomaji hasa. Akaisoma kadi aliyopewa jinsi ilivyo: atakuwa rubani. Watu wakacheka. Mshereheshaji akasema tumepata marubani wawili, sasa serikali itafute ndege. Msichana hakucheka. Alimgeukia mwanangu, akasahau kwamba Kiingereza ndiyo sheria, akasema kwenye kipaza sauti, "Ya kwangu anayo yeye. Hajaisoma."

Muziki ukapigwa haraka. Watu wengi nadhani hawakuelewa, walikuwa bado wanacheka. Mume wangu alishusha kamera akanitazama. Mwanangu alikuwa anaitazama kadi mkononi mwake, upande huu na upande huu, uso umetulia kabisa. Nilitamani kupita katikati ya viti vile nikamchukue. Nilikaa, nikapiga makofi kama wazazi wengine.

Tulimpeleka mama mkwe Nkoaranga jioni, tukamwacha na mjukuu wake akae naye siku chache za likizo. Tulipokuwa tunashuka wawili tu, mume wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote, na lile la Januari. Aliegesha gari pembeni mwa migomba ya watu.

"Ukaniacha nipige picha," akasema.

Akawasha gari, tukashuka hadi nyumbani. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema zaidi.

Desemba tulimpeleka kwa wanaojua. Macho yakapimwa, yako sawa. Masikio, sawa. Mama mmoja wa makamo anayepima watoto hospitalini akacheza naye asubuhi nzima kwa vibao na picha, sisi tukiwa nje, mimi nikizunguka lile jengo hadi mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Mwishowe alituambia akili ya mtoto haina tatizo. Inawezekana ana ugumu wa kusoma, lakini ni mapema mno kuupa jina. Aendelee na mwalimu anayemjua, kwa hatua ndogo, herufi azishike kwa vidole, azichore kwenye mchanga, arudi kupimwa muhula ukiisha. Mimi nilitaka jina. Jina ningelichukia, ningepigana nalo, ningelitafuta kwenye simu usiku. "Inawezekana" utapigana nayo vipi?

Tulipokuwa tunaaga akatuuliza kama mtoto mwenyewe ameelezwa kwamba anabaki darasa. Nikasema bado. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Mwambieni ninyi, asije akaambiwa na shule." Tukaahidi.

Tulisema tutamwambia Krismasi ikipita, tusimharibie sikukuu. Krismasi tulipanda Machame kama Wachaga wote wanavyopanda, na picha ya joho ilikuwa imetangulia. Kila nyumba tuliyoingia walimwita msomi. Babu yake, baba yangu, alimkalisha karibu yake, akampa kipande cha nyama cha heshima, akamuuliza atampandisha ndege lini. Mwanangu alijibu vizuri, kwa adabu, akala nyama yake. Utamwambiaje mtoto katika hali hiyo? Tukasema mwaka mpya ukipita. Mama mkwe tulimwambia, kwa simu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikosa methali. Mtoto hatukumwambia.

Mume wangu akapata wazo lake. Arusha shule ni nyingi, akasema, na kama hawa hawamtaki darasa la kwanza, wapo watakaomtaka. Ndivyo tunavyofanya watu wa mji huu: shule ikikuambia usilotaka kusikia, unahamisha. Alikuwa amepata shule Njiro, ina nafasi, ni kufanya usaili tu. Nami, kusema kweli, nilifurahi. Kuhama ni kazi ninayoiweza. Nilimnyooshea shati, nikampeleka wiki ya kwanza ya Januari, mume wangu akiwa tena na wageni.

Tulikaa kwenye benchi la baraza na wazazi wengine, kila mmoja akimnong'onezea wake majibu. Karibu yetu kulikuwa na msichana mwenye mabutu, mama yake anamsomesha ukurasa kutoka kitabu cha usaili wa mwaka jana. Sijui waliupata wapi. Nilipogeuka kumfunga mwanangu kamba ya kiatu nikakuta shingo imemkaza. Alikuwa anamtazama yule msichana mdomoni. Midomo yake ilikuwa inamfuata, neno kwa neno, bila sauti.

Sikungoja jina lake liitwe. Nilimshika mkono tukatoka, tukavuka barabara, nikamnunulia chipsi mayai mahali pa kwanza palipokuwa na kivuli. Mimi sikula. Hakuniuliza kwa nini tumeondoka. Mtoto anayeuliza kwa nini maji yana mvuke, hakuuliza hilo. Alinisogezea sahani, akaniambia nile, zinapoa. Nilimpigia mume wangu nikamwambia haendi kokote, atabaki pale pale na mwalimu wake. Nilitegemea ugomvi. Aliuliza tu, "Umemwambia?" Nikasema nitamwambia leo. Sikumwambia leo, wala kesho yake.

Shule ikafunguliwa Jumatatu. Njiani nilianza sentensi tatu, na kila moja ikaishia kwenye taa za barabarani. Nilipoegesha alifungua mlango mwenyewe akakimbia, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Rafiki zake walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa darasa la kwanza. Akaingia kati yao, akasalimiana nao kwa kugonga ngumi.

Nikabaki getini. Wazazi wengine waliondoka kuwahi kazini. Mwalimu wa darasa la kwanza alisoma majina, mmoja mmoja akiitika na kusogea mbele. Mstari ukazidi kupungua. Mwisho akafunga daftari, akageuka, watoto wakamfuata kwa mwendo wa gwaride hadi ndani. Mwanangu akabaki peke yake uwanjani, mikono ubavuni, amenyooka kama alivyofundishwa. Kwa upande wa pili mwalimu wake wa awali alikuwa ameanza kuja. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Nikavuka uwanja, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Nilichuchumaa mbele yake.

"Jina langu hawajaita," akasema.

Nikamwambia. Nilisema mwaka huu atakaa tena na mwalimu wake wa zamani, kwa sababu herufi zinamsumbua, na zinamsumbua bila kosa lake. Nilisema tulipaswa kumwambia mapema. Alisikiliza bila kunitazama, akichimba chini kwa ncha ya kiatu.

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Na bibi?"

"Na bibi."

"Na teacher?"

"Yeye ndiye aliyejua wa kwanza."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka, mabega ya mtu aliyetua gunia. "Kumbe mnajua," akasema. "Mimi nilikuwa nawaficha. Nilidhani mkijua mtalia."

Nikalia, bila shaka, pale pale katikati ya uwanja, nikamthibitishia hofu yake yote. Aliacha nilie kidogo. Kisha akatazama madirisha ya darasa la kwanza kama kuna anayetuona, akanishika mkono, akasema, "Basi mama, twende." Akaniongoza hadi kwenye mstari wa watoto wa awali, akasimama mwisho. Alikuwa mrefu kuliko wote.